Panki la Babati halinyolewi kinyozini!

Simu ya shangazi ilinikuta Kariakoo nikibishana na muuza viatu. Shangazi yangu anaishi Babati, na si mtu wa kupoteza vocha kwa porojo. Alisalimia harakaharaka, akauliza watoto, kisha akamwaga: "Mdogo wako anataka kuuza pikipiki ya marehemu baba yake akafanye panki. Njoo uongee naye, wewe ndiye anayekusikiliza."

Nikacheka. Nikamwambia shangazi, panki ni elfu mbili tu kwa kinyozi, pikipiki ya nini? Akanikata: "Siyo ya kichwani. Anasema ni muziki. Njoo!"

Basi, mpenzi msomaji, ndivyo safu yako ya wiki hii ilivyojikuta ndani ya basi, ikila vumbi na upepo kuelekea Manyara. Wengine huenda huko kutafuta tembo wa Tarangire. Mimi nilikwenda kumtafuta binamu yangu mwenye gitaa.

Njia panda ya Afrika

Kutoka Arusha hadi Babati ni kama kilometa 170. Unaipita Makuyuni, unaiacha ya watalii iende zake Karatu na Ngorongoro, wewe unanyoosha kushoto. Minjingu ile ya mbolea, Magugu ile ya mchele, kisha barabara inaanza kupanda. Ukiona mlima mkubwa wenye msitu umeukalia mji kama mlinzi wa benki, jua ndio Kwaraa, umefika.

Mji wenyewe si mkubwa, lakini una makeke. Stendi wapiga debe wanakugombea kama mpira wa kona: Singida! Kondoa! Dodoma! Katesh! Ukisogea kidogo unaliona Ziwa Babati, lenye viboko wanaotoa vichwa maji yakitulia na wavuvi wenye mitumbwi wanaowajua kwa tabia. Jioni unapata sato wa kukaanga na ugali wa moto, unasahau kabisa foleni ya Ubungo. Sokoni utasikia Kiswahili kimechanganyika na Kiiraqw, Kigorowa, Kirangi na Kibarbaig, na muuza nyanya mmoja anaweza kukutukana kwa lugha tatu bila kupumua.

Tangu mwaka 2002, Mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Arusha, Babati ndio makao makuu yake. Mwaka 2018 ikazinduliwa lami ya kwenda Dodoma kupitia Kondoa, kilometa 251, na wale waliozoea kulala njiani msimu wa mvua wakapumua. Ila barabara yenyewe ni ya zamani sana. Ni kipande cha ile Great North Road, waliyoiota wakoloni iende kutoka Cape Town mpaka Cairo. Ukisimama stendi ya Babati, kulia kwako ni Nairobi, kushoto ni Tunduma na Zambia. Shika hilo, tutalirudia.

Kesi sebuleni

Shangazi alinipokea kwa makande ya mbaazi. Hapo hapo kesi ikaanza.

"Kaa hapo. Unaijua hadithi ya mbaazi?"

Nani asiyeijua Babati? Mbaazi ndiyo ilikuwa dhahabu yao. Soko kubwa lilikuwa India. Agosti 2017 India ikaweka kikomo cha mbaazi zinazoingia kutoka nje, bei huku ikaporomoka kama jiwe la Kwaraa. Watu walikuwa wameshavuna, magunia yamepangwa mpaka chumba cha kulala, mnunuzi haonekani. Marehemu mumewe alikuwa amekopa. Deni lile walililipa kidogokidogo, na alipofariki mwaka 2019 kilichobaki ni nyumba, shamba na ile pikipiki. Sasa pikipiki inapiga bodaboda, na hela yake ndiyo inayomsomesha binti wa mwisho chuo cha uuguzi.

"Mimi siuchukii muziki," akasema shangazi. "Ila nimeshalimishwa kitu ambacho mnunuzi wake yuko mbali na simjui. Sitaki mara ya pili. Mwambie aache."

Nikamjibu, "Sawa shangazi, nitamwambia." Na kusema ukweli nilikuwa nimeshapanga maneno tangu Makuyuni.

Getoni kwa masela

Geto la binamu liko nyuma ya mashine ya kusaga. Nilikuta watu watatu. Binamu na gitaa la umeme ambalo nyuzi zake mbili zimefungwa fundo. Wa pili ni mpiga besi, anayefundisha shule ya msingi mchana. Wa tatu, mpiga ngoma, ni fundi simu mwenye kibanda karibu na soko, pale unapowekewa nyimbo kwenye memori kadi.

"Kaka, karibu. Kaa mbali kidogo na spika."

Wakapiga. Jamani! Wimbo wa kwanza ulikwisha kabla sijapata pa kuweka soda. Dakika mbili, kasi ya pikipiki iliyokatika breki, gitaa linakoroma, binamu anapiga kelele mishipa imemtoka. Wa pili ulihusu wapiga debe. Wa tatu sikuelewa neno hata moja, lakini mguu wangu ulikuwa unacheza bila ruhusa yangu.

"Hii ndiyo panki," akasema, jasho linamtiririka. "Nyimbo sita. Tunatoa albamu."

Kwa wale ambao panki kwenu ni nywele tu, niwape darasa fupi. Nywele zenyewe zilipata jina kutokana na muziki, siyo kinyume chake. Mwaka 1976 jijini New York, vijana wanne wanaojiita Ramones waliingia studio, wakamaliza albamu nzima kwa kama wiki moja na dola 6,400 hivi. Nyimbo 14, jumla hazifiki nusu saa. Wakati huo bendi kubwa za roki zilikuwa zinakaa studio miezi na miezi. Ujumbe ukafika: kumbe huhitaji kuwa fundi wa gitaa wala tajiri!

Kule Manchester, Uingereza, Buzzcocks wakakopa pauni 500 kwa ndugu na marafiki. Wakarekodi nyimbo 4 mwishoni mwa Desemba 1976, na Januari 1977 wakatoa sahani yao wenyewe, "Spiral Scratch", nakala 1,000. Hawakumsubiri bosi wa kampuni yoyote. Zile 1,000 zikaisha, wakachapa tena na tena hadi kama 16,000.

Binamu alikuwa anayajua yote haya. Alinisomea kutoka kwenye simu kama mtu anayesoma hati ya kiwanja chake.

Sisi tulikuwa wapi?

Usidhani Bongo tulikuwa tumelala. Mwaka huo huo wa 1976, bendi ya Dar es Salaam iitwayo Sunburst ilitoa albamu ya roki iitwayo "Ave Africa". Wachache wa rika lenu wanaijua, na sababu yake ndiyo inayonihusu leo.

Dar ya miaka ile haikuwa rahisi kwa kijana wa gitaa la kukoroma. Januari 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulianzisha Operesheni Vijana, ukazisaka sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Novemba mwaka huo muziki wa soul ukapigwa marufuku madansini Dar es Salaam. Kurekodi nako kulikuwa mlango mmoja: Radio Tanzania. Unaingia na bendi yako, mnapiga wote kwa pamoja, kanda inabaki redioni. Sunburst nao walipita hapo mwaka 1973. Ukitaka santuri, hatukuwa na kiwanda cha kuzichapa. Kanda ilibidi ivuke mpaka kwenda Nairobi.

Sunburst waligeukia upande wa pili wa ile barabara yetu. Walikwenda Zambia, ambako vijana walikuwa wamewehuka na roki yao wenyewe, wanayoiita Zamrock. Kule kulikuwa na WITCH ya Jagari Chanda, kulikuwa na Paul Ngozi na gitaa lake linalolia kama mashine ya kuchomelea. Huko ndiko "Ave Africa" ilikotoka. Bendi haikudumu sana baada ya hapo, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Kenya ukafungwa mpaka 1983. Wanamuziki waliobaki nyumbani wakajikuta hata ile njia ya Nairobi imekufa.

Albamu ya vijana wa Dar ikawa kitu cha kuokotwa na wakusanyaji wa santuri ng'ambo. Mwaka 2016 kampuni ya Strut ya London ikazitoa upya rekodi zao zote za 1973 hadi 1976. Miaka 40! Mtoto aliyezaliwa mwaka wa albamu alikuwa ameshakuwa mzee wa kuhudhuria vikao vya harusi.

"Unaona?" nikamwambia binamu, nikijua nimempata. "Mnaweza kufanya kazi nzuri na bado ikapotea."

"Naona," akasema. "Lakini wewe unaniambia ya 1976. Mimi nakuambia ya 2020."

Giza la Kampala

Akanipa visikilizio. Kilichoingia masikioni, msomaji, sikuwa nimekitegemea. Ngoma za mashine zinakimbia kuliko moyo, gitaa kama bati linaloburutwa, na mtu anayepiga kelele kama ameona kitu. Hao ni Duma, vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, waliotokea kwenye bendi za metali na panki za Nairobi. Jina lao maana yake ni giza, kwa Kikuyu. Walikwenda Kampala, wakarekodi kwenye studio ya Nyege Nyege, na Agosti 2020, corona imefunga dunia nzima, albamu yao ikatoka. Hakuna onyesho la kuzindua, hakuna kubanana ukumbini. Na bado dunia ikawasikia. Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, mwaka 2024 akatoa albamu yake mwenyewe, "The Adept", kwa lebo yake mwenyewe, Haekalu.

"Nairobi mpaka Kampala," binamu akasema. "Hawakwenda London kwanza. Mimi natafuta laki sita tu, kaka. Studio ya Arusha, laki moja kila wimbo. Na iliyobaki nakwenda video."

"Na pikipiki?"

Kimya. Mpiga besi akaanza kufuta gitaa ambalo halikuwa na vumbi.

Kanda yangu mimi

Hapa ndipo nilipotakiwa kumshusha. Nilikuwa na silaha kali kuliko zote, na ni lazima niwaeleze na ninyi.

Mwaka 2003 mimi nilikuwa na bendi. Ndiyo, mimi huyu wa kitambi. Tulikuwa wanne, tulirekodi nyimbo nane Dar es Salaam, nikauza gitaa langu la pili na redio ya mama kulipia studio. Tukapeleka kanda kwa msambazaji mmoja. Akatupa laki mbili mkononi, akasema nyingine tutaongea mauzo yakijulikana. Hakutupa karatasi na sisi hatukuomba. Baada ya miezi mitatu nikausikia wimbo wetu kwenye daladala ya Mwenge. Nilifurahi mpaka nikapitiliza kituo! Nikaenda dukani kwake. Akasema kanda haiuzi. Nikarudi tena, na tena. Mara ya tano mlinzi ndiye aliyetoka kuongea na mimi.

Sijashika gitaa tangu siku hiyo. Redio ya mama sikuirudisha.

Nikamweleza binamu yote. Nilitegemea atainamisha kichwa. Badala yake akauliza swali moja tu, kwa adabu kabisa: "Sasa kaka, kosa lilikuwa kurekodi, au kumpa yule mtu kanda?"

Nililala na swali hilo. Mashine ya kusaga ilikuwa imezimwa, mbwa wanabweka, na mimi naangalia bati. Shangazi alikuwa ameniita nizime moto. Lakini nilianza kuona kwamba nilikuwa nimekuja na ndoo yenye maji ya kwangu mwenyewe. Hofu ya shangazi ilikuwa na sababu, nayo ni mnunuzi wa mbali usiyemjua. Yangu ilikuwa ni aibu ya miaka ishirini nimeivisha koti la busara.

Hesabu kwenye bahasha

Asubuhi nikachukua bahasha na kalamu. Nikawaambia masela: pikipiki haiuzwi, hilo halina mjadala, dada yenu anasoma. Tuone sasa kama albamu inaweza kutoka bila hiyo.

Ramones hawakurekodi ala moja moja kwa wiki nzima. Nanyi mnapiga vizuri mkiwa pamoja, basi pigeni pamoja. Geto lipo. Magodoro manne ukutani yameze mwangwi. Ngoma nzuri za kukodi kwa kwaya moja ya mjini, shilingi 60,000. Maikrofoni na kile kiboksi cha kuingizia sauti kwenye kompyuta, 70,000 kwa siku mbili. Kompyuta ni ya mwalimu. Jamaa wa Arusha wa kuchanganya sauti na kuzipiga pasi ya mwisho, 150,000. Chakula na nauli 40,000. Fotokopi za karatasi ya jalada 10,000. Jumla 330,000. Gawa kwa tatu, kila mmoja 110,000.

Na msambazaji? Tukamgeukia fundi simu. Kibanda anacho! Kila siku anawawekea watu nyimbo za wengine. Sasa ataweka za kwao, shilingi 1,000 zote sita, karatasi ya jalada juu. Kazi ikishakamilika wazisajili COSOTA, ili siku ikisikika kwenye redio ya mtu, karatasi iwepo. Hilo nililisisitiza mpaka wakanichoka.

Wakarekodi Jumapili, kwa sababu Jumapili mashine ya kusaga imelala. Wimbo wa kwanza ulichukua mara saba. Wa nne, umeme ukakatika katikati, tukakaa saa mbili tunakula karanga. Nilishika kazi ya kubana mlango ili watoto wa jirani wasiingie kucheka. Saa kumi na moja jioni walikuwa na nyimbo tano.

Wa sita ulikuwa wa mbaazi. Sikuwa nimeuelewa ile siku ya kwanza. Hauna hadithi wala kiitikio. Binamu anataja tu bei ya kilo, kila bei ambayo baba yake aliikuta alipokwenda kuuliza mwaka ule, kutoka juu kwenda chini, na gitaa linashuka nayo. Dakika moja na nusu.

Alipomaliza, tukamkuta shangazi mlangoni. Alikuwa ameleta chai. Sijui alisimama pale tangu lini. Tukatulia kama wanafunzi waliokamatwa na sigara.

Akaweka chupa ya chai chini. Akasema: "Hiyo bei ya mwisho umekosea. Ilikuwa chini ya hapo. Mimi ndiye niliyekuwa naandika kwenye daftari."

Akaitaja. Wakarudia wimbo.

Uzinduzi

Albamu ilitoka siku ya soko. Hakukuwa na zulia jekundu wala warembo. Spika moja nje ya kibanda cha fundi simu, bodaboda wamezunguka, mama mmoja wa nyanya anauliza kama kuna mtu anapigwa. Dereva wa basi la Kondoa aliweka kwenye flashi yake na kuondoka nayo, kwa hiyo panki la Babati nalo limeshaanza safari kwenye ile barabara kongwe, linashuka kusini kama Sunburst.

Siku hiyo walilipa watu 47. Mwezi ulipokwisha walikuwa wamekusanya shilingi 131,000. Kwa hesabu ya duka, bado wako chini kwa 199,000, na sitawadanganya kwamba wametajirika. Binamu anaamka alfajiri anapiga bodaboda, mwalimu anafundisha, fundi anafungua simu za watu. Ada ya chuo muhula huu imelipwa.

Na mimi? Nilipokuwa napanda basi kurudi, shangazi alininong'oneza nimletee betri za redio nikija tena, maana ule wimbo anausikiliza jioni akiwa peke yake. Sasa hapa nilipo nina ahadi mbili. Ya kwanza ni betri. Ya pili, kesho nakwenda kumuulizia muuza magitaa bei. Kuuliza tu, msinicheke!

Ukipita Babati, simama karibu na soko, ulizia kibanda cha fundi simu mwenye fujo. Peleka memori kadi na buku moja. Masikio ni juu yako.

Haya, tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa. Kaeni poa!